Mfuko Mtupu wa Mama Galina

Nilikwenda Brussels kwa sababu moja tu: mpwa wangu Zawadi, mtoto wa dada yangu wa Uvira, ng'ambo ya ziwa, anaposwa na Mrusi, na ukoo ukasema bila mjomba kuitikia hakuna ndoa. Basi nikafunga dagaa wangu, nikaondoka Kigoma.

Angani dagaa walinuka mpaka rubani, naapa, akafungua dirisha.

Brussels asubuhi, baridi ya kugandisha mate mdomoni. Nikapanda metro kwenda Anderlecht kwa Zawadi. Watu wakanihama mimi na dagaa wangu, nikabaki na behewa zima kama rais.

Alasiri wageni wakafika kutoka mtaa wa Uccle: Sasha, mposaji mwenyewe, na mama yake, Mama Galina. Nikatazama mikono. Hakuna sukari, hakuna kanga, hakuna hata kiberiti! Mama kashika mfuko wa nyuzi, matundu matupu, kama wavu uliopigana na mamba. Akauweka mezani mbele yangu, anatabasamu.

"Posa gani hii?" nikafoka. "Mnakuja kuchukua mtoto na mfuko mtupu? Nipeni koti langu!"

Zawadi akanishika mkono, machozi yanamlengalenga. "Tonton, ikala chini kwanza! Hii mufuko banaiitaka avoska. Inatoka kwa neno yabo, avos, ni kusema 'labda'. Zamani kwabo maduka haikuwa na kitu. Donc kila muntu alitembeaka na mufuko mu poche ya koti: labda njiani atakuta machungwa, labda sabuni. Alors bakaipa ile jina kwa kucheka."

"Labda!" nikasema. "Mimi nimevuka dunia nzima kwa labda?"

Mama Galina akasema jambo, polepole. Sasha akaligeuza Kifaransa. Zawadi akaniambia: "Anasema leo alitoka nayo akiwaza, labda atarudi nyumbani na binti."

Nikakohoa. Baridi ile, mnielewe. Nikaitikia posa.

Kwa furaha nikammiminia Mama Galina dagaa mfukoni mwake. Wakapita matunduni wote, sakafu ikawa soko la samaki la Kibirizi kwetu! Tukawaokota tumepiga magoti, mimi na mkwe wangu huyo, yeye anacheka Kirusi, mimi nalaani Kiswahili.

Kuondoka, Mama Galina akanipa ule mfuko.

Kigoma, mke wangu akaupokea, akautikisa, akauchungulia tundu kwa tundu. "Baba Asha, ndiyo posa hiyo? Mfuko mtupu? Na wewe ukaitikia?"

"Mama Asha," nikamwambia, "kaa kwanza."