Naitrojeni ya Kitale, Hewa ya Kimilili

Nilisafiri kwa sababu mama mkwe alitaka kurudi kwake Mabanga. Alikuwa amekuja Kitale kumzika binti yake Nasimiyu, mke wangu, aliyekufa karibu na Kamukuywa baada ya tairi la gari alilopanda kupasuka. Tangu siku hiyo sikuweza kutazama tairi nikatulia.

Asubuhi, kabla ya kumchukua, nilipitia duka la matairi hapo Kitale. Muuzaji aliniambia hewa ya kawaida hupata joto ikapasua tairi, lakini naitrojeni haina shida. Sikuuliza zaidi. Alitoa hewa yote, akajaza gesi yake, akafunga vifuniko vya kijani. Nikaona nimepata kinga.

Mama aliketi kiti cha nyuma, leso usoni. Kwa Wabukusu, mkwe na mama mkwe hawatazamani wala hawasemeshani. Mimi ni Mkikuyu, lakini desturi hiyo nilikuwa nimeishika miaka yote ya ndoa. Shemeji yangu Nekesa, dada yake Nasimiyu, ambaye ni mwalimu, aliketi mbele apitishe maneno. Mama alimtuma aniambie nipunguze mwendo, nami nikapunguza kabla sijaambiwa.

Baada ya Kiminini nilisimama kila mara kugusa matairi. Nekesa alinitania kwamba nayapapasa kama mtu anayenunua ng'ombe.

Kimilili, tairi moja la nyuma lilikuwa limelegea. Fundi wa pancha alitoa msumari, akaziba tundu, akavuta mpira wa kujazia. Nikaifunika vali kwa mkono, nikamzuia. Nilisema hewa ya kawaida haitaingia humo. Tutaenda hivyo hivyo polepole, ama turudi Kitale.

"Na hewa yetu imekukosea nini, bana?" aliuliza.

Nekesa alinieleza kwamba sehemu kubwa ya hewa tunayopumua ni hiyo hiyo naitrojeni, na kwamba tairi lililolegea ndilo hupata joto likapasuka. Nilimsikia vizuri. Mkono wangu haukutoka kwenye vali. Watu wakaanza kusimama kututazama.

Mlango wa nyuma ukafunguka. Mama akashuka, akatoa leso usoni, akanitazama machoni.

"Kamau," alisema, "nimezika mmoja. Usinibebe na tairi haina hewa. Wacha aweke."

Nikatoa mkono. Fundi akajaza hewa.

Alasiri tulifika Mabanga. Mama aliingia nyumbani amejifunika tena, hakuniaga, kama inavyotakiwa. Mimi niliandaliwa ugali na kuku nje. Nilipokuwa nataka kuwasha gari, Nekesa, aliyebaki na mama yake, alikuja dirishani. Alikuwa anacheka na kulia pamoja.

"Shemeji, Mama anasema aliyeongea na wewe Kimilili si yeye. Na ati hiyo tairi uipime tena njiani."

Nilirudi peke yangu. Nilipima Chwele, nikapima tena Kamukuywa, ambapo nilikaa kidogo ndani ya gari kabla ya kuendelea. Hewa ilikuwa imetosha.

Watu wameniuliza kama naitrojeni inafaa. Nasikia huvuja polepole kuliko hewa ya kawaida, na haina unyevu. Anayeipata karibu aiweke akipenda. Lakini asiyepima tairi lake haitamsaidia, na anayekataa hewa kwa kuingoja anajitafutia ajali. Kuhusu Nasimiyu sikupata jibu. Nimeacha kulitafuta kwenye matairi.