Damu Iliyonigeuka

Nilikuwa nikifundisha darasa la pili huko Garsen, karibu na Mto Tana, viungo vya mikono vilipoanza kunivimba. Asubuhi nilishindwa kushika chaki. Nikikaa juani kidogo tu, upele mwekundu ulinitanda mashavuni, na nywele zikawa zinabaki kwenye kitana. Nilitibiwa malaria, kisha malaria tena. Watu wakaanza kunong'ona kuwa ni ukimwi, wengine kuwa nimerogwa. Mama mkwe, ambaye tuliishi naye, akanitengea kikombe changu.

Mume wangu hakubishana na mamake. Mto ulikuwa umefurika mwaka ule; alisubiri maji ya mafuriko yapungue barabarani, akatuombea nafasi kwenye lori la ng'ombe la wafugaji Waorma, tukafika Malindi, kisha Mombasa. Daktari tuliyemwona, mama wa makamo, alinitazama uso, akashika vidole vyangu kimoja kimoja. Alinipima ukimwi, hakuuona. Damu nyingine akaituma ng'ambo.

Majibu yalipokuja alitueleza polepole. Kingamwili, ambazo kazi yake ni kupigana na vijidudu, zilikuwa zimegeuka kushambulia seli zangu mwenyewe. Ugonjwa huo unaitwa lupasi. Baadhi ya kingamwili hizo zilikuwa zikikamata kitu fulani ndani ya seli, na wataalamu hawakujua bado kitu hicho kinafanya nini.

"Kwa hiyo sikurogwa?" nikamuuliza.

"Hukurogwa, na huwezi kumwambukiza mtu. Utakunywa dawa, utajikinga na jua, na utafundisha."

Mume wangu akamwomba ayarudie maneno hayo, ili yeye ayafikishe nyumbani yalivyo. Aliyafikisha jioni ile tuliyorudi. Mama mkwe alimimina chai, akanywea kikombe changu, kisha akanipa nimalizie.

Dawa zilichukua muda, lakini uvimbe ulishuka. Miaka mingi baadaye, kwenye kliniki, daktari kijana alinieleza kuwa kile kitu cha ndani ya seli kimeshajulikana: ni sehemu ya mtambo ambao seli hutumia kunyamazisha jeni zisizotakiwa kusema. Nilifurahi kama aliyetajiwa jina la adui wa zamani.

Ila ushindi wenyewe niliupata mapema zaidi, siku ya michezo ya shule, mwaka uliofuata mafuriko. Niliingia mbio za walimu wa kike, nimevaa nguo ya mikono mirefu, mtandio kichwani. Nilikuwa wa pili. Darasa langu lilivamia uwanja likanibeba juujuu, na mama mkwe alikuwa kando ya kamba, akipiga vigelegele kuliko wote.