Verediana na Samaki wa Bwawa la Endaloya

Wageni wanaokuja kutazama bwawa letu la Endaloya huuliza kwanza viboko wako wapi, kisha huuliza kwa Mama Verediana wanafikaje. Viboko wapo wawili, walikuja wenyewe mwaka wa mvua nyingi, hakuna aliyewaalika. Mama Verediana hana haja ya kuulizwa. Fuata harufu ya perege wa kukaanga, utamkuta. Mimi niliyelima naye jirani kwenye mfereji mmoja husikia raha kila wanapomtafuta, maana nakumbuka wakati kijiji kizima kiliziba pua kikipita mlangoni kwake.

Nianze na bwawa lenyewe, kwa sababu vijana wa siku hizi wanadhani lilikuwepo tangu uumbaji. Lilijengwa wakati wa mkoloni, kwa mikono. Mto ulikuwa ukishuka kwa fujo kutoka milima ya Mbulu wakati wa masika, unabeba madaraja na mbuzi, halafu kiangazi unabaki mchanga mtupu. Wazee wakakubaliana kuuziba pale milima miwili inapokaribiana. Wanaume walichimba udongo, wanawake na wasichana wakaubeba kichwani. Mashine ya kushindilia hatukuwa nayo, kwa hiyo ng'ombe wa nyumba zote walikusanywa wakaswagwa juu ya ukuta, kwenda na kurudi, kutwa nzima, hadi udongo ukakaza. Verediana alikuwa msichana, na alibeba udongo kwa niaba ya baba yake aliyekuwa na mguu mbovu. Akisema bwawa ni lake, si majivuno matupu. Majivuno nayo anayo, simfichi.

Maji yalipojaa yakagawanywa. Lango liliwekwa chini ya ukuta, mfereji ukatoka hapo, kila nyumba ikapewa zamu yake katika juma, na wafugaji wakanywesha mifugo yao mwisho wa mfereji. Verediana akaolewa na Nikolausi, wakalima vitunguu. Nikolausi akafariki mapema, akamwachia mabinti wawili na lile shamba. Sasa hapo ndipo penye kiini cha habari hii. Ukoo wa kina Nikolausi ulikuwa na kanuni: shamba la mfereji likikaa misimu miwili bila kulimwa, ukoo unalichukua na kumpa mwingine. Mkubwa wa ukoo huo alikuwa Akonaay, kaka wa marehemu. Na mwenyekiti wa kamati ya maji alikuwa nani? Akonaay huyohuyo. Mtu mmoja ameshika lango, na huyohuyo ameshika shamba.

Katika miaka ya sabini serikali ikafungua mashamba makubwa ya ngano kule uwandani. Matrekta yakaja, kombaini za kuvunia zikaja, na watu wakaja kutoka pande zote za nchi. Verediana akapata kibarua cha upishi katika kambi ya shamba lililo karibu nasi. Huko ndiko alikokutana na samaki.

Sisi Wairaqw wa enzi zile samaki hatukula. Wazee walimhesabu kuwa ndugu wa nyoka, na nyoka haingii jikoni. Bwana samaki mmoja wa wilaya alikuwa amemwaga vifaranga vya perege bwawani miaka mingi nyuma, akatuhutubia kuhusu afya, tukampigia makofi, akaondoka. Hakuna aliyewagusa. Wakazaana na kunenepa, na kambale nao wakapotea njia wakaingia humo. Lakini watu wa kambini walikuwa wametoka kando ya maziwa makubwa. Hamis, dereva wa kombaini, mzaliwa wa Kigoma, alipoambiwa kwamba huku kuna bwawa limejaa perege na hakuna anayewavua, alikaribia kulia.

"Mama," alimwambia Verediana, "yaani mnakula ugali kwa mboga za majani, na kitoweo kinaogelea hapo nyuma ya nyumba?"

Verediana anasema perege wa kwanza alimpasua akiwa amefumba macho. Wa pili alifumba jicho moja. Wa tatu alimla, na tangu hapo hajafumba tena.

Akaacha kibarua cha kambini, akaweka meko yake kando ya ukuta wa bwawa. Jumapili lori la shamba la ngano likawa linaleta wafanyakazi na familia zao. Wanakuja kutazama viboko, kutazama wale ndege weupe wenye mfuko chini ya mdomo, watoto wanarusha mawe majini, wakubwa wanakula samaki. Wakaja walimu na wanafunzi kutoka Mbulu mjini, ikaja kwaya kutoka Dongobesh, wakaja mafundi wa kizungu na kamera zao. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Bwawa lililokuwa la kunyweshea ng'ombe likawa mahali pa kuvaa shati safi.

Akonaay hakupona. Alikwenda mwenyewe hadi kwenye meko, mzee mrefu, fimbo mkononi, akasimama upande ambao upepo haumletei harufu.

"Shikamoo, shemeji," Verediana alisema.

"Marahaba. Wewe, kamati imekaa. Mikono inayoshika hao wadudu haitagusa lango la maji tunayokunywa. Sasa chagua. Samaki au zamu."

"Shemeji, nina watoto wawili wa kike shuleni. Nachagua vyote."

"Vyote havipo," alisema Akonaay, na zamu yake ikafutwa siku hiyo.

Nilikasirika, na nilisema. Nikaambiwa kama nina huruma sana nimpe zamu yangu, na nikijaribu nitaipoteza na mimi. Basi Verediana akamwagilia vitunguu kwa ndoo. Unajua kumwagilia shamba kwa ndoo? Ni kumnywesha ng'ombe kwa kijiko. Robo ya shamba ikapona, sehemu iliyobaki ikakauka. Msimu mmoja ukapita hivyo, na ukoo ukauhesabu kuwa wa kutolima. Wajanja wa ukoo wakaanza kupita pale jioni, wakipima kwa macho. Mmoja alimuuliza kama ng'ombe wa jirani wanaweza kulala humo, kwa kuwa halina kazi. Alimjibu kwa mwiko wa moto, na yule bwana hakurudi kuuliza.

Msimu wa pili ndipo ukaja ukame. Uwanda wote wa ngano ukawa vumbi. Kisima cha kambi kikapungua, na meneja wa shamba la ngano akaja na pampu kubwa na mabomba. Akaitisha mkutano juu ya ukuta wa bwawa, Jumapili, makusudi kabisa, ili wafanyakazi wake wawepo wamuunge mkono. Hakuwa mtu mbaya yule meneja. Alikuwa mtu wa mbali aliyeamriwa mambo na wakubwa wake.

"Lango la mfereji litafungwa hadi mvua zije," alisema. "Maji yote yataenda kambini. Nina mamia ya wafanyakazi, wana wake na watoto. Haya ni maji yao."

Akonaay akasimama. Nitampa haki yake, alisema vizuri. Alieleza udongo uliobebwa, akaeleza ng'ombe waliotembezwa juu ya ukuta, akataja majina ya waliokufa wakiujenga.

"Mzee, shikamoo," meneja alisema kwa upole. "Lakini historia hainywewi."

Mfereji ukifungwa, hakuna mwenye kitunguu, hakuna mwenye ng'ombe. Akonaay alikaa chini kwenye jiwe, na kwa mara ya kwanza nikamwona ni mzee.

Verediana hakuwa na ruhusa ya kusema mkutanoni, kwa kuwa asiye na zamu hana neno. Kwa hiyo hakusema na mkutano. Aligeuka akasema na wateja wake, waliojaa kando ya meko na sahani mikononi, kwa sauti ya mtu anayeita ng'ombe ng'ambo ya korongo.

"Wateja wangu, kuleni taratibu! Hawa ndio perege wa mwisho. Pampu ikianza kesho, wiki mbili hapa ni tope. Viboko watahama, ndege watahama, na mimi nitazima moto. Kuleni mkiaga!"

Hamis akaweka sahani chini.

"Wa mwisho kwa sababu gani?"

"Kwa sababu yenu. Meneja amesema maji yote ni yenu."

Kukawa na kelele. Hamis akapanda ukutani na mikono yake ina mafuta.

"Meneja, samahani. Umesema maji haya ni kwa ajili yetu?"

"Ndiyo, kwa ajili yenu."

"Basi sisi wenyewe hatuyataki yote. Siku sita tunakula vumbi, mzee. Siku moja tunakuja hapa na watoto. Maji ya karakana na ya matenki ya dawa ya ngano gari la boza linaweza kuchota ziwani Basotu. Hapa tuchukue ya kunywa tu. Ukikausha bwawa hili, utatafuta wa kuendesha hizo kombaini."

Nyuma yake watu walikuwa wamesimama wote, na wake zao, na wake zao ndio waliokuwa wakali zaidi. Meneja alikuwa amejenga hoja yake juu ya wafanyakazi, na wafanyakazi walikuwa wameiondoa chini ya miguu yake. Aliwatazama, akatazama bwawa, akacheka kidogo, nadhani kwa nafuu. Jioni hiyohiyo wakakubaliana: nguzo ya chuma ipigwe majini, na maji yakishuka hadi kwenye alama yake, si pampu wala lango, hakuna kitakachochota chini ya hapo. Boza la maji ya kunywa mara mbili kwa wiki. Mfereji ubaki wazi, zamu zifupishwe kwa wote. Kanuni hiyo tunaifuata mpaka leo.

Watu wakapiga vigelele, mimi nikapiga mluzi. Akonaay aliinuka kwenye jiwe akaenda kwenye meko, akasimama safari hii upande wa moshi.

"Shemeji, kamati imekurudishia zamu yako."

"Kamati gani hiyo? Haijakaa."

"Kamati ni mimi," alisema mzee, akakohoa. "Zamu ya leo ni yangu. Chukua wewe. Na hicho kipande kidogo hapo, kina miiba?"

Verediana akamtolea miiba kwa vidole vyake, mbele ya kijiji kizima, akampa. Akonaay alimeza bila kutafuna na machozi yakamtoka, na siku zote alidai ni moshi.

Verediana hakungoja amalize. Alikimbia na jembe lake kuteremka mfereji, akafungua njia ya maji mwenyewe, na maji yakaingia katika vitunguu vilivyokuwa vimelala, mstari baada ya mstari. Wale wajanja wa ukoo walikuwa wamesimama kwenye mpaka. Verediana alikuwa na maji hadi kwenye vifundo vya miguu, analia na kucheka pamoja, na akawaambia kwa sauti iliyofika hadi ukutani tulikokuwa:

"Shamba la Nikolausi halirudi kokote. Nendeni nyumbani!"

Wakaenda.