Hotuba Yangu Isiyorukika

Sina sababu ya kuficha, maana nusu ya soko la Kimironko iliniona: nilikimbia mbele ya mafundi cherehani nikiwa na suti, nikapanda ngazi ya stoo nahema, na huku nyuma sauti yangu mwenyewe inanisifu kwenye spika. Hata sasa nikiandika nasaga meno.

Mimi ni mtu wa vitenge. Shule niliachia darasa la nne, lakini duka langu lina ghorofa (ninyi wenye digrii, mna ghorofa ngapi?). Nikaamua mafundi waagize kwangu kwa simu, nikaajiri watengeneza programu wanne, mkubwa wao Claudine, binti aliyekulia Kampala. Koperative ya mafundi, ile inayoshona karibu sare zote za harusi hapa, iliniahidi kwamba programu ikiwafaa, watanunua kwangu tu. Hilo nililitaka kuliko usingizi.

Claudine alibandika vikaratasi ukutani, kila kimoja kazi moja, ikiisha kinahamia upande wa pili. Akasema kila Jumanne wataenda kukaa na mafundi, wawaonyeshe kidogo walichotengeneza, wajifunze, warudi wabadilishe. Nikamwambia, "Kujifunza nini? Hawa watu nimewauzia miaka ishirini. Soko ni mimi!" Nikafuta Jumanne. Kwa neno moja tu, jamani. Badala yake nikaamuru kila Ijumaa vihame vikaratasi ishirini, nikawa nasimama pale na chai yangu navihesabu kama ng'ombe wanaotoka malishoni, vikipungua nafoka. Basi wakanipa vikaratasi! Kalenda, salamu za asubuhi, picha yangu na gari, na hotuba yangu ya dakika tatu inayoanza kila ukifungua (niliagiza isirukike, watu wanisikilize).

Siku ya uzinduzi nimefunga hema mbele ya duka, skrini kubwa, spika mbili. Mama Keza, mwenyekiti wa koperative, akainua kipande cha kitenge.

"Patron, nina harusi, wasimamizi wameongezeka. Kitenge kama hii iko bado? Pisi ngapi?"

Nikabonyeza kwa madaha. Hotuba. "Mimi niliyeanza na kikapu kichwani..." Nikatabasamu dakika tatu nzima. Nikatafuta, ikaja kalenda. Nikarudi nyuma, hotuba tena! Mara ya tatu mafundi wakaanza kuimba pamoja nayo, "Mimi niliyeanza na kikapu kichwaaani!", wengine wamejitwika mikoba.

Nikamnong'oneza Claudine, "Pa kuona kilichobaki ni wapi?"

"Hapapo, Boss. Kile kikaratasi ulikibandua mwenyewe. Ulisema hakina sifa, mtu aje aulize dukani."

Ndipo nikakimbia stoo. Nikarudi jasho linanitiririka, pisi nne mabegani. Mama Keza akaziweka juani kando ya kipande chake, akatikisa kichwa.

"Ariko, lakini Patron, hii bluu si yake. Nilitaka jibu moja, wewe umenipa historia. Jirani yako namtumia picha, ananijibu iko ama haiko. Basi."

Wakainuka. Wote! Soda zangu wamemaliza.

Nilimfokea Claudine mpaka koo likakauka, nikataka niwafukuze wote wanne. Nikapanda ofisini kuung'oa ule ukuta. Vikaratasi vyote viko upande wa kazi zilizokwisha, vimepangika kama meno ya mtoto, na fundi hata mmoja sina. Nani nimlaumu? Mhesabuji ni mimi! Hasira ile haikupata pa kwenda, ikarudi kwangu.

Sasa ukuta una kikaratasi kimoja, "iko ama haiko", na kila Jumanne nakaa na Claudine kwenye benchi la Mama Keza. Alikubali kwa sharti: "Ukae, lakini usihutubu." Mimi kunyamaza! Muulizeni mke wangu kama amewahi kuona.

Jumanne iliyopita Mama Keza alitafuta kitenge cha maua mekundu. Claudine akabonyeza simu mara moja tu, jibu likatoka papo hapo: haiko.

"Eh! Leo imenijibu," Mama Keza akasema, akavuka njia kwenda kununua kwa yule jirani yangu, mbele ya macho yangu. Nikafungua mdomo. Claudine akaniangalia. Nikaufunga.