Siku Nilipomchinja Beberu wa Serikali

Jamani, sasa nacheka nikisimulia, lakini siku yenyewe sikucheka hata kidogo, na mpaka leo nikipita njia ya Kaole, pale kilipokuwa kituo cha mifugo enzi za Mwingereza, huiteremsha kofia usoni kana kwamba mbuzi wa pale watanitambua. (Wa wakati ule wamekwisha kufa wote, na mmoja wao mtasikia alivyokufa.) Aibu nyingine mtu huzizoea. Hii mimi sijaizoea, basi niacheni niitoe yote kwa mara moja.

Baba yangu alikuwa mchinjaji wa mji. Si muuza nyama, mchinjaji: kila alfajiri yuko machinjioni, na mtu akiwa na akika, hitima au harusi, anayeitwa ni yeye. Mimi nilikuwa mwanawe wa kiume wa pekee, na tangu nilipopata nguvu za kumbana kuku nilishikishwa kisu, nikawa hodari, sitaki kujifanya mnyenyekevu hapa, kuna wazee waliokuwa wakinituma mimi wakijua Baba yupo. Lakini nilipomaliza shule ya kati moyo wangu ulikuwa kwingine. Nilitaka kuvaa kaptula ya kaki na kupanda baiskeli ya serikali kama Bwana Mifugo, niwe mtu anayeitwa mnyama akiugua, si anayeitwa mnyama akishindikana. Baba hakulipenda jambo hilo, ila hakuwa mtu wa kelele. Akaniambia, "Nenda kajaribu. Wakikuchukua sitakuzuia. Wasipokuchukua unarudi machinjioni, na habari za kaptula nisizisikie tena."

Kujaribu kwenyewe kulikuwa hivi. Vijana waliotaka kwenda chuo cha mifugo huko bara waliitwa kwanza kituoni kwa siku mbili, waguse kazi kwa mikono yao, kwa sababu (alivyotueleza Bwana Mifugo mwenyewe) walimu wa chuo walikuwa wamechoka kupokea watoto wa mjini wanaofika chuoni ndipo wanagundua kwamba ng'ombe ana mavi. Bwana Mifugo huyo alikuwa mtu wa bara, mrefu, mpole, anayesema polepole kama anayepima kila neno, na yeye ndiye aliyekuwa achague nani aende.

Siku ya kwanza nilingʼara, nasema kweli. Tulipunguza kwato, tulikamua, tuliwapitisha mbuzi kwenye josho. Rafiki yangu Shabani, mtoto wa muuza kanga, alipigwa teke akaangukia ndani ya josho akatoka ananuka dawa mpaka nyusi, wakati mimi mbuzi walikuwa wakitulia nikiwashika tu. Bwana Mifugo akasimama karibu yangu akatazama. "Mikono yako haiogopi," akasema. "Umejifunzia wapi?" Nikamjibu, "Nyumbani, Bwana," nikaishia hapo, sikuona haja ya kufafanua nyumbani kwetu mbuzi huja kufanya nini. Usiku ule nililala nimekwisha kuiona kaptula.

Asubuhi ya pili, natoka mlangoni, Bi Mwanaidi jirani yetu ananiita, ana kuku na mgeni yuko njiani na mwanamume hana ndani ya nyumba wa kumchinjia. Nikaingia ndani nikachukua kisu, nikamchinjia, nikakiosha, kisha nikatazama jua nikaona nimechelewa. Kurudi kukiweka kisu ilikuwa hatua chache tu. Sikurudi. Nilikifunga kwenye kitambaa nikakichomeka kiunoni chini ya shati, nikashika njia mbio, na hapo ndipo mambo yote yalipoharibikia, mimi naenda zangu napiga mluzi.

Sasa pale kituoni palikuwa na beberu mmoja mweupe, mkubwa, masikio yamelala, aliyeletwa kwa meli kutoka ngʼambo ili azae na mbuzi wetu wadogo wa pwani, nao wachungaji walimwita Sultani kwa jinsi alivyotunzwa. Siku ile tulimkuta Sultani tumbo limevimba upande wa kushoto kama ngoma. Alikuwa amevunja ua alfajiri akala majani ya kunde yenye umande mpaka akashiba, na hewa ikamjaa. Bwana Mifugo hakubabaika. Alitukusanya akasema huyu ni mgonjwa wa kweli na somo la leo ni yeye, akatuonyesha namna ya kugonga lile tumbo na kusikiliza, akamnywesha mafuta, kisha akasema, "Sasa atembezwe polepole, asilale. Mafuta yakishindwa kuna bomba lenye ncha, tunamtoboa hapa, hewa inatoka, anapona. Naliendea stoo. Nani atakaa naye?"

Nani mwingine? Niliinua mkono kabla hajamaliza.

Basi nikamtembeza Sultani, wenzangu wamenizunguka, tukaenda vizuri mara ya kwanza na ya pili kuzunguka banda, kisha akaanza kuyumba. Nikamvuta. Akapiga magoti. Nikamwinua, Shabani akamsukuma kwa nyuma, akasimama kidogo akaanguka ubavu mzima, miguu ikanyooka, ulimi ukatoka nje, macho yakageuka. Tukatazamana. Tukatazama kule stoo, Bwana Mifugo haonekani (baadaye tulijua kwamba kufuli lilikuwa na kutu). Na hapo Shabani, Mungu amsamehe, akapiga ukelele ambao kila mtu aliyezaliwa pwani hii anaujua: "Mwahi! Mwahi asije akawa kibudu!"

Ninyi mnaelewa. Mnyama akifa mwenyewe ni kibudu, haliwi, hana faida kwa yeyote ila mbwa na kunguru, na kwetu kumwacha afe hivyo kisu kipo ni uzembe na ni aibu ya mtu kutukanwa mji mzima. Mbuzi akigongwa, akitumbukia shimoni, akiumwa na nyoka, watu hawaulizi ana nini, wanauliza kisu kiko wapi. Nami kisu kilikuwa kiunoni. Nikisema nilifikiri nitakuwa mwongo. Nilisikia tu "mwahi," na mkono ukaenda. Nilimgeuza kichwa kaskazini, kwenye kibla, goti langu begani kwake, Bismillahi Allahu Akbar, na shughuli ikaisha kwa mkato mmoja safi kabisa.

Wenzangu wakashusha pumzi. Mmoja akanipiga bega akasema, "Umemwahi, bado alikuwa na roho tele." Na hapa ndipo pananiuma zaidi kuliko pote: nilifurahi. Nilifuta kisu kwenye majani, nikasimama wima, na nilipomwona Bwana Mifugo anakuja mbio, bomba lake mkononi, nilimpokea kwa tabasamu, nikamwambia kwa sauti kubwa ili wote wasikie, "Usihofu, Bwana! Nimemwahi!"

Alipiga magoti kwenye damu na kaptula yake iliyopigwa pasi. Akapapasa ubavu wa kushoto, akahesabu mbavu kwa vidole, akalichoma lile bomba, nasi sote tukasikia hewa inatoka, fsss, ndefu, yenye harufu ya kunde, na lile tumbo likashuka polepole mpaka likawa tumbo la mbuzi wa kawaida. Likashuka pale mbele yetu. Mbuzi hana koo lakini tumbo limepona.

"Hivi tu," akasema. "Ilikuwa hivi tu."

Ningeomba ardhi inimeze, lakini mkasa ulikuwa haujaisha. Nyama ya serikali haiwezi kugawiwa ovyo, lazima mbuzi achunwe na mtu anayetambulikana, basi mchungaji mmoja akatumwa mjini amlete mchinjaji. Mchinjaji wa mji mnamjua. Tulikaa pale kivulini, mimi peke yangu upande mmoja, hata Shabani aliyepiga ukelele amehamia kwa wenzake, mpaka nikaona baiskeli ya Baba inakuja.

Yule mchungaji alikuwa amemwambia tu kwamba kuna mbuzi wa kuchuna. Baba akawaamkia watu wote, sisi vijana tukampa shikamoo yake, akaitika marahaba, wala hakunitilia maanani, pengine alidhani nimekaa mbali kwa adabu. Akainama kumtazama Sultani. Akainua kidevu, akapitisha kidole kwenye ule mkato kutoka upande hadi upande, akatikisa kichwa kama mtu aliyeonjeshwa kitu kitamu.

"Nani kachinja hapa?" akauliza, mbele ya Bwana Mifugo, mbele ya wachungaji, mbele ya wale vijana wote. "Mkono mzuri huu! Huu si mkono wa kubahatisha, huyu kafundishwa!"

Mtu mmoja akaguna, wa pili akacheka, halafu kituo kizima kikaangua kicheko, na hata mimi nikacheka nao, kicheko cha ajabu, huku machozi yananitoka. Baba aligeuka akanitazama. Akakitazama kile kitambaa kiunoni. Akaelewa, na nikamwona uso unamshuka, akainama akaanza kuchuna.

Jioni Bwana Mifugo alituita mmoja mmoja. Kwangu hakutumia ukali, afadhali angetumia. "Katika wote hawa," akasema akiwa amenishika mkono, "wewe ndiye niliyekuwa nimemchagua tangu jana. Lakini nikikupeleka kwa watu, ng'ombe wa maskini akianguka, mikono yako itakimbilia wapi?" Nilitaka kumwambia kwamba sitarudia, kwamba nimejifunza. Lakini aliniuliza jambo la kweli na mimi jibu lake nilikuwa silijui. Akaniachia mkono.

Tuliondoka mimi na Baba tunaisukuma baiskeli, shingo ya Sultani imefungwa kwenye kiti cha nyuma kwa majani ya mgomba, maana shingo ni haki ya aliyechinja na wachungaji hawakukubali kuivunja desturi. Baba alikuwa ameshinda, mtoto amerudi, kaptula imekwisha. Nikangoja aseme. Tulikwenda mpaka nyumba za mjini zikaanza kuonekana ndipo aliposema, "Nilitaka urudi, mwanangu. Sikutaka urudi hivi." Kisha akaongeza, "Mimi nimekufundisha kuwahi. Kungoja sikukufundisha, sijui mwenyewe kunafanywaje." Sikuwahi kumsikia Baba akisema hajui kitu cha mnyama, na maneno yale yaliniumiza kuliko kicheko cha kituo kizima.

Ile shingo ilipikwa, nami sikuigusa. Shabani alikwenda chuo huko bara (ndiyo, yeye, wa josho), akarudi na baiskeli yake, akawa Bwana Mifugo mzuri sana. Mimi nilirudi machinjioni, na barazani waliniita Daktari miaka mingi, na wengine hawajaacha hadi leo.

Niliapa kitu kimoja, na nimekishika: nikiitwa kwenye mnyama aliyeanguka, kisu nakiacha mlangoni kwanza. Naingia mikono mitupu, naweka sikio ubavuni, nauliza amekula nini, nawafanya watu watume mtu kwa Shabani, na wenye mnyama wananikasirikia, wananipigia kelele nimwahi, wanasema mchinjaji gani huyu anayemtazama ng'ombe kama mamake mzazi. Mara nyingi inabidi nikifuate kisu hata hivyo, nisiwadanganye. Lakini mara mojamoja mnyama hupiga chafya, akakusanya miguu, akasimama, nami hurudi nyumbani sina fungu wala shingo, mke wangu anauliza tutakula nini, na mimi nimekaa kizingitini nacheka peke yangu kama mwehu.