Jibu la Miaoqing

Shen Miaoqing alikuwa na miaka tisa alipoulizwa mahakamani anataka kuishi na nani. Kwetu, katika mji wa Yichun, wazazi wakiachana, mtoto aliyetimiza miaka minane lazima aulizwe.

Baba yake, Guodong, alikuwa dereva wa lori la magogo. Mama yake, Xiuzhen, alishona glavu kiwandani. Tulikaa mlango kwa mlango, na kuta za jengo letu ni nyembamba, kwa hiyo mwezi mzima nilimsikia mama akimfundisha mwanawe.

"Hakimu akikuuliza, utasemaje?"

"Na mama."

"Sema kwa sauti. Mbona unanong'ona kama mwizi?"

"Na mama."

Baba hakumwambia kitu. Asubuhi ya kesi alimkaangia jiaozi, vile vinyunga vya kujazwa nyama, zilizobaki jana, akaziunguza upande mmoja, akamfunga skafu, akatoka kuwasha gari.

Hakimu, mwanamke wa makamo, alimchukua peke yake kwenye chumba chenye midoli mipya. Haya Miaoqing alinisimulia mwenyewe, alipokuwa mtu mzima.

"Hapa hakuna jibu baya, mwanangu."

"Nikisema, watajua, shangazi?"

"Watajua. Itaandikwa kwenye hukumu."

Hakumdanganya. Miaoqing akaugeuza mdoli mmoja, kisha akasema, "Na baba." Alimchagua kwa kuwa ndiye pekee ambaye hakumwomba. Anasema hakusikia uchungu wala nafuu. Alisikia miguu yake ina baridi, basi.

Hukumu iliposomwa, Xiuzhen alifunga vifungo vya koti mpaka shingoni. Kwenye ukumbi alisimama mbele ya binti yake.

"Kumbe umeshakua. Haya, kaa na huyo anayekulisha makaa."

Akahamia mji wa mbali, Dalian. Kila mwaka mpya alipiga simu: umekula? Nimekula. Haya. Guodong hakuwa mtu mbaya, ila lori lilimweka msituni siku nyingi, na mtoto akawa anakula kwangu. Hakuwahi kulia mezani pangu. Alikula, akaosha bakuli lake, akaenda kulala.

Sasa ana miaka ishirini na saba, anauza dawa katika duka la karibu na stesheni. Guodong alishafariki. Majira ya baridi yaliyopita Xiuzhen alikuja kupasuliwa goti, akafikia kwa bintiye. Nilikuwepo siku Miaoqing anamwosha miguu.

"Siku ile," mama akasema, "kwa nini ulisema vile?"

"Nilikuwa mtoto, mama."

"Ulikuwa na akili zako."

"Lete huu mwingine."

Akaukausha mguu, akaenda kumwaga maji. Xiuzhen hakuuliza tena. Alikaa mpaka mwezi wa nne, goti likapona, akarudi Dalian kwa treni ya asubuhi.

Nilimwuliza Miaoqing kama nyumba imepwaya.

"Imepata nafasi," akasema, kisha akaniuliza kama dawa yangu ya presha imekwisha.