Asubuhi Niliyoondoa Alama kwenye Kiwanja cha Ndege

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa panga, filimbi na nondo. Panga la kufyekea nyasi, filimbi ya kufukuzia ng'ombe, nondo ya kupimia ardhi. Wakati wa Mwingereza, kiwanja cha ndege cha Arusha kilikuwa uwanda wa nyasi tu, na mfuko wa upepo juu ya mlingoti ili rubani ajue upepo unatoka wapi. Ndege ilikuja mara moja kwa wiki. Kwetu Nduruma walinicheka, eti nimeajiriwa kuchunga nyasi.

Mkubwa wangu, Bwana Msimamizi, alikuwa Mwingereza mrefu asiyependa maneno mengi. Yeye ndiye aliyenifundisha.

"Choma nondo kila baada ya hatua hamsini," aliniambia. "Ikizama kupita urefu wa kidole, tandika alama."

Alama yenyewe ilikuwa mashuka mawili meupe, tuliyoyapanga kama msalaba katikati ya njia ya kurukia. Rubani akiyaona kutoka juu hatui, anarudi Nairobi.

Miaka ikapita, wasafiri wakaongezeka. Masetla wa kahawa, wawindaji, maofisa, mifuko ya barua, wote walitaka ndege. Mara moja kwa wiki ikawa mara tatu, kisha kila siku, na ndege zenyewe zikawa nzito, za injini mbili. Ardhi ilibaki ile ile, udongo mweusi unaolainika kwa mvua. Bwana Msimamizi aliandika barua kuomba moramu, ule udongo wa changarawe unaoshindiliwa barabarani. Hakikuja hata kijiko.

Masika moja mvua ilishuka kutoka Meru siku nne mfululizo. Asubuhi ya tano nondo ilizama mpaka vidole vyangu vikagusa tope. Nikatandika alama. Bwana Msimamizi akaja na gari.

"Ondoa hiyo."

"Bwana, kule magharibi hakuna ardhi, ni uji."

"Wiki hii tumefunga mara mbili. Simu za Dar es Salaam hazinipi nafasi ya kupumua. Ondoa!"

Nikaondoa. Nikayakunja mashuka, nikayabana kwapani.

Ndege ikagusa nyasi vizuri, nami nikashusha pumzi. Ilipofika magharibi gurudumu la kushoto likazama, mkia ukainuka, ndege nzima ikapinduka chali mbele ya macho yetu. Tulikimbia. Rubani alitambaa nje, uso umejaa damu. Nyuma yake tukamvuta mwanamke aliyevunjika mkono, mguu mmoja hauna kiatu.

Bwana Msimamizi akasimama ghafla, akawa mweupe kama yale mashuka. Yule mwanamke alikuwa mke wake. Alitaka kumfurahisha kwa kufika bila taarifa.

"Hukuniambia," alisema, magoti yake kwenye tope. "Hukuniambia unakuja." Alirudia maneno hayo mpaka gari la hospitali lilipofika.

Baadaye Ofisa Mkaguzi alikuja kutoka Dar es Salaam. Alituuliza wote, lakini macho yake yalikuwa kwangu.

"Nani aliondoa alama?"

"Ni mimi, bwana."

Niliona jela mbele yangu. Bwana Msimamizi akasimama.

"Aliniambia ni uji. Nikamwamuru."

Sikuwa nimewahi kumsikia Mzungu akijibu hivyo kwa ajili ya mmoja wetu. Mwezi ule ule akahamishwa, na sikumwona tena.

Ndipo malori ya moramu yalipokuja, na greda, na Fundi Mkuu, Singasinga mwenye sauti nene. Kabla ya kupima chochote alinifuata mimi. "Ndugu, nionyeshe maji yanasimama wapi." Nikamwonyesha. Tukachimba mitaro, tukashindilia mawe, tukarefusha njia. Nilichokuwa nikikisema miaka yote kikasikika kwa wiki moja.

Nimestaafu siku nyingi. Vijana huniuliza kiwanja kilipanuka vipi, nami huwaeleza habari za moramu na greda. Jambo moja siwaelezi. Kama Bwana Msimamizi angejua mkewe yumo ndegeni, angeiacha alama pale pale, sina shaka. Lakini waliokuwamo humo, wawe ni nani, mimi nilijua wanatua kwenye uji. Na bado niliyakunja yale mashuka.